Banda la kuku la kubebwa na mama wawili



Mwezi huu tumeonelea tuzungumze habari ya kuku. Huenda wengine mkajiuliza: ukurasa huu ni wa afya ya familia, kuku ameingiaje? Ameingia kwa mlango wa uani, kama anavyoingia katika nyumba zetu nyingi, na akishatoka huacha alama yake sakafuni. Alama hiyo ndiyo iliyotuletea mazungumzo ya leo, pamoja na dagaa za jirani.

Sisi tunakaa Mkokotoni, kaskazini ya kisiwa cha Unguja, pale ambapo mashua za kwenda Tumbatu hupakia watu na mizigo. Ni makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Unguja, lakini ukitoka barabarani hatua chache tu unakuta maisha ya pwani: nyavu zinashonwa, makumbi ya nazi yamerundikwa, na wanawake wanachemsha dagaa kwa maji ya chumvi na kuzianika juani. Dagaa zikipata jua zuri tangu asubuhi, ni fedha. Zikiharibika, kazi ya siku nzima imekwenda.

Nasi tulikuwa na kuku 13 wa kienyeji. Usiku walilala katika jiko la nje, juu ya kuni, na kulipokucha walijitafutia wenyewe. Tulijisifu kwamba kuku wetu hawatugharimu kitu. Kumbe gharama ilikuwepo, ila alikuwa akiilipa mtu mwingine.

Siku moja alipiga hodi bibi wa nyumba ya pili. Tulimwamkia, akaitikia, akakaa barazani, akatupa bakuli la dagaa kavu lililofunikwa kwa kawa. Akazungumza habari za mvua, za wajukuu, za bei ya mafuta ya taa. Ndipo aliposema kwa sauti ile ile ya upole: "Mama Nesi, mie sina ugomvi na wewe. Lakini hawa kuku wako, mwanangu, wananifilisi. Nikigeuka nyuma tu, wako juu ya dagaa. Na kinachoniuma si wanazokula. Ni wanazozinyea."

Tuliona aibu. Sisi ni watu wa kuja, familia chache za Kikristo katikati ya majirani Waislamu ambao wametupokea vizuri, wakatuzika tulipofiwa na kutuletea futari mwezi wa Ramadhani. Tulimwomba radhi. Bakuli lake tulilirudisha siku ya pili na mayai 6 ndani, maana bakuli la jirani halirudi tupu. Lakini mayai hayakaushi dagaa, na kuku walikuwa bado wanazurura.

Juma lilelile likatokea la pili. Mjukuu wetu, wakati huo ana miezi 9 na anatambaa kwa kasi ya kushangaza, alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango wa uani. Binti yetu aliinama kupuliza moto. Alipoinua uso, mtoto anatafuna kitu. Kumfungua kinywa, ni kinyesi cha kuku.

Sisi tuliosomea uuguzi, ambao kliniki husimama mbele ya mama wenzetu tukiwahimiza kunawa mikono, nyumbani kwetu mtoto analishwa na kuku! Siku mbili baadaye akaanza kuhara. Hatuwezi kuapa kwamba ni kile kinyesi, maana mtoto wa umri huo hutia kila kitu mdomoni. Tulimpa maji ya ORS kila alipoharisha, na zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10, na hakuacha kunyonya. Alipona. Nyie mama wenzetu, mtoto wa miezi chini ya 6 hupewa zinki nusu ya hapo, miligramu 10. Na akiwa na damu kwenye choo, au amelegea, au macho yamedidimia, usikae naye nyumbani ukingoja kuche.

Baadaye tulisoma kwamba si mjukuu wetu peke yake. Huko Peru, katika kitongoji cha maskini cha mji mkuu Lima, watafiti walikaa na familia zinazofuga kuku wakiwaangalia watoto wadogo kwa saa 12. Walichokiona walikichapisha mwaka 1990: kwa wastani mtoto alitia kinyesi cha kuku mdomoni karibu mara 4 katika saa hizo. Mara 4, na mama zao wapo. Hatusemi haya ili kumtisha mtu. Tunasema kwa sababu wengi wetu tunadhani kinyesi cha kuku si uchafu kama kinyesi cha mtu. Ndani yake huweza kuwa na salmonela na kampilobakta, vijidudu ambavyo kuku huweza kuvibeba akiwa mzima kabisa, anawika na kutaga.

Basi tukaamua kuwafungia. Hapa ndipo tulipofanya kosa la kwanza, na tunalieleza ili nyie msilirudie. Tulimwita fundi, tukanunua mbao za mbili kwa nne na mabati, akatujengea banda zuri lenye mlango na komeo. Tulimwambia tunataka la kuhamishwa. Akasema, "Litahamishwa." Kweli lilihamishwa, mara moja, na wanaume wanne, nao walitaka chai na maandazi kabla na baada. Wanaume wanne utawapata wapi kila asubuhi? Banda likakaa pale lilipowekwa. Masika yakaingia. Kinyesi kikashikana na matope, nzi wakajaa, na harufu ikafika hadi barazani. Vifaranga wakaanza kuharisha damu, wakafa 7. Na kwa kuwa mayai yalikuwa mle ndani, binti mdogo wa nyumbani alikuwa akiingia peku kuyaokota, kisha anakuja kumbeba mtoto.

Hilo nalo limewahi kuonekana Peru. Familia zilijengewa uzio wa kuku ili watoto wapumzike na kinyesi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalikuwa kinyume cha matumaini: kuhara kunakoletwa na kampilobakta kulikuwa kwingi zaidi katika nyumba zenye uzio. Sisi tuliokuwa na banda lile la mbao hatukushangaa. Ukiwafungia kuku mahali pamoja, hujaondoa kinyesi, umekikusanya. Kikishakusanyika, lazima mtu akiingie, na katika nyumba zetu mtu huyo ni mtoto au mama anayenyonyesha.

Kwa hiyo banda tulilokuwa tunalihitaji lilikuwa na masharti mawili: lisogee kila siku, na asiingie mtu ndani. Sharti la kwanza linategemea uzito tu. Banda la kuhama ambalo mama wawili hawawezi kuliinua si la kuhama, hata likiwa na magurudumu.

Wazo lenyewe si letu. Huko Marekani, jimboni Virginia, mkulima Joel Salatin aliandika kitabu juu ya kuku wa malishoni mwaka 1993. Mabanda yake yana futi 10 kwa 12, hayana sakafu, na husogezwa kila siku kwenye majani mapya. Yeye ana malisho yaliyo sawa. Sisi uani kwetu tuna mawe, mizizi ya mwembe na shimo la makumbi. Tulijaribu magurudumu ya baiskeli ya mtoto, yakakwama siku ya kwanza. Ndipo tulipokumbuka kitu tulichokibeba miaka mingi wodini bila kukifikiria: machela. Mtu mzima mgonjwa hubebwa na wauguzi wawili kwa sababu ya ile mikono minne inayotokeza mbele na nyuma. Banda letu jipya ni machela yenye paa.

Tulitafuta mianzi miwili yenye urefu wa meta 3.2. Hiyo ndiyo mikono ya machela: banda lenyewe lina urefu wa meta 2.4, na kila upande zinabaki sentimita 40 za kushikia. Mianzi tuliiloweka pwani kwa majuma 3 kabla ya kuitumia, maana mwanzi mbichi ukiingiwa na dumuzi haumalizi mwaka. Tukailaza sambamba, nafasi ya meta 1.2 kati yao, tukafunga fito tatu za kukingama: moja kila mwisho, na ya tatu sentimita 80 kutoka mwisho mmoja. Juu ya kila ufito tukasimamisha pembetatu ya fito nyingine mbili za meta 1.2, na ncha zote tatu tukaziunganisha kwa mwanzi wa juu. Ukilitazama kwa mbele ni kama herufi A. Umbo hilo halihitaji kuta, halina pembe za kuoza, na mvua inateremka yenyewe. Fito zetu ni za mvinje. Za mkandaa ni imara zaidi, lakini mikoko haikatwi ovyo, na samaki wa majirani zetu huzalia humo.

Misumari hatukutumia. Msumari huupasua mwanzi. Tulifunga kwa kamba ya makumbi, ambayo hapa hukosi.

Ile sehemu ya sentimita 80 ndiyo chumba cha kulala. Tuliiezeka makuti pande zote mbili, na ndani yake tukaweka ufito mmoja wa kulalia, mnene kama kipini cha jembe, na sanduku mbili za kutagia zenye sentimita 30 kila upande. Chini ya chumba hicho tulikaza waya, ili usiku asichimbe mtu akaingia. Mlango ni mmoja tu, mdogo, upande wa nyuma wa makuti, na unaingia mkono, hauingii mtoto. Mayai yanatolewa kwa nje. Hilo ndilo sharti la pili, na tunaomba mlishike hata mkibadilisha mengine yote.

Sehemu iliyobaki, meta 1.6, haina sakafu. Kuku wanachakura ardhini kama walivyozoea. Pande zake tulizungushia waya. Hapa msidanganywe na bei. Waya wa kuku wenye matundu makubwa humzuia kuku mkubwa asitoke, lakini kifaranga hupita, na nguchiro naye huingiza mkono. Tulinunua wenye matundu ya nusu inchi kwa kimo cha sentimita 45 kutoka chini, na huko juu tukamalizia na wavu chakavu tuliopewa na wavuvi. Wavu peke yake chini haufai. Ngawa huukata, na kuku hunasa miguu.

Banda hilo linawatosha kuku 6 na jogoo mmoja. Msiongeze. Sisi tuliuza na kula wengine, na mayai hayakupungua kama tulivyoogopa, kwa sababu zamani nusu yake yalikuwa yanatagwa vichakani na kuliwa na kenge.

Sasa kazi ya kila siku. Asubuhi, kabla ya chai, mmoja anashika mbele na mwingine nyuma. Pindeni magoti, mgongo uwe wima, inueni pamoja kwa kuhesabu. Mama aliyejifungua kwa upasuaji hivi karibuni, au aliye mjamzito, asiinue, aite jirani. Linainuliwa sentimita chache tu na kusogezwa urefu wake mmoja, polepole, kuku wakitembea humo humo. Siku za kwanza watapiga kelele. Baada ya juma moja watakuwa wanakusubirini. Makuti yakilowa banda huwa zito zaidi, kwa hiyo baada ya mvua kubwa ngojeni yachuruzike kwanza.

Kwa nini kila siku, si kila juma? Ile kuhara damu iliyotuulia vifaranga huletwa na vimelea viitwavyo koksidia. Vikitoka na kinyesi, haviwezi kumwambukiza kuku mwingine papo hapo. Vinahitaji kukomaa kwanza, na katika joto na unyevu kama wa kwetu hukomaa kwa siku moja hadi mbili. Ukisogeza banda kila asubuhi, kuku wameondoka kabla havijakomaa. Ukisogeza kila Jumamosi, umewaacha wachakure katika vimelea vilivyokwisha kukomaa. Mahali palipoachwa pasirudiwe upesi. Sisi tunazunguka ua na bustani, tunarudi baada ya mwezi hivi.

Na mahali hapo ndipo tunapopata faida tusiyoitegemea. Magugu yameliwa, udongo umechakurwa, mbolea imetawanyika yenyewe. Tunapanda mchicha, na mchicha huo ukiuona hutauliza umetiwa nini. Ila mboga zinazoliwa mbichi na zinazogusa udongo, tunaacha ipite miezi 4 tangu kuku waondoke hapo mpaka kuvuna. Na mtoto anayetambaa hawekwi mahali ambapo banda limetoka. Mkeka wake sasa uko upande wa mbele wa nyumba.

Kipindi cha kusi tunaelekeza upande wa makuti kusini, na kaskazi ikianza kuvuma mwezi wa Desemba tunaligeuza. Banda jepesi lina ubaya wake: upepo mkali huliinua. Tunalifunga kwenye vigingi viwili kila jioni. Tulisahau usiku mmoja mwezi wa Julai, tukaliokota limelalia ubavu kwenye mgomba, kuku wote salama lakini wamekasirika.

Walionufaika kuliko wote ni vifaranga. Hapa Unguja adui wao mkubwa wa mchana ni kunguru, wale wenye shingo ya kijivu, wa asili ya India, walioletwa kisiwani katika miaka ya 1890 ili wasaidie kuondoa taka za mji. Taka bado zipo na kunguru wameongezeka. Zamani kuku wetu akiangua 10, tulishukuru wakibaki 3. Siku hizi mama na watoto wake hukaa ndani ya banda mpaka vifaranga wafike majuma 6.

Msije mkasema hatukuwaambia ukweli wote. Kuku wa bandani hajitoshelezi. Lazima apewe pumba, mabaki ya ugali, majani, vichwa vya dagaa, na maji safi mara mbili kwa siku. Kwa mama ambaye hata pumba ni za kununua, huu ni mzigo. Sisi tulipata njia ya kati: kuku wanakaa ndani tangu asubuhi mpaka jirani amekusanya dagaa zake, kisha, baada ya alasiri, tunawafungulia. Wanazurura saa moja au mbili, wanashika wadudu wao, na jua likizama wanarudi wenyewe kwenye ufito wao. Saa hizo mlango wa uani tunaufunga.

Tena banda halizuii mdondo, ule ugonjwa ambao wengine huuita kideri na ambao huweza kumaliza kuku wa mtaa mzima kwa juma moja. Dawa yake ni chanjo. Ipo ya I-2, inayostahimili joto kuliko za zamani, na hutolewa tone moja la jicho kila baada ya miezi 3. Muulizeni afisa mifugo wa shehia. Chupa moja ni ya kuku wengi, kwa hiyo ni heri kuchanjisha siku moja na majirani wote, mkachangiana. Utitiri nao hupenda makuti na mafundo ya kamba. Tunamwagia maji ya moto ufito wa kulalia kila mwezi, na pembeni mwa banda tunaweka majivu ili kuku waoge.

Bibi wa nyumba ya pili alilitazama banda letu kwa mbali majuma mengi bila kusema neno. Siku moja akaja, akalizunguka, akashika mikono ya machela, akatikisa. "Hili na mie nitaliweza," akasema. "Mnanitengenezea lini?"

Tulimtengenezea Jumamosi moja, sisi, yeye na binti zake wawili. La kwake ni fupi, meta 1.8, kwa sababu ua wake ni mwembamba na sehemu kubwa ni ya kuanikia dagaa. Kamba alisokota mwenyewe, kazi aliyoianza tangu hajavunja ungo. Alipomaliza la kwake alikuja uani kwetu, akazitazama kamba zetu, akacheka, akazifungua moja baada ya nyingine na kuzifunga upya. Alisema mafundo yetu ni ya kufungia bendeji.